Kabla ya kuinua fimbo, angalia mnyororo

Mwezi wa kumi ukianza kukatika, huku kwetu Kwimba, mkoani Mwanza, mazungumzo yote ni mbegu. Mbegu ipi imefika Ngudu, inauzwaje, nani aliuziwa feki mwaka jana. Plau haina anayeizungumzia. Inatolewa nyuma ya nyumba ilikoegemezwa tangu msimu uliopita, inakung'utwa vumbi, inafungwa kwa ng'ombe na kuingia shambani vilevile ilivyotoka. Ikizama mno, ikirukaruka, ikivutia upande, anayelipa ni ng'ombe. Anapigwa.

Jambo hili linaniuma, na nimeona niliandike sasa, mvua hazijashika. Zikishika hakuna atakayekaa chini kusoma.

Mimi nimekulia kwenye kulima kwa ng'ombe. Kwetu tulizaliwa wasichana wengi, na pamba ya baba haikuuliza nani wa kike nani wa kiume. Nilianza kwa kutangulia mbele na kushika kamba, kama watoto wote, nikaja kuwa mswagaji, mwisho baba akaniachia vishikio vya plau. Wapo waliomfuata kumwambia kwamba kazi ile haimfai binti. Baba hakubishana nao. Alinipa shamba la kando ya barabara nililime mimi, ili kila apitaye alione. Leo nina plau yangu na maksai wangu wanne, na bado nalima kwa mikono yangu.

Msimu uliopita nilikuwa napita kwenda kuchota maji nikamkuta kijana wa jirani yangu shambani, jasho linamtoka, na maksai wake mmoja amelala ndani ya mtaro. Mdogo wake ameshika kamba mbele, machozi yanamlengalenga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ana nini?"

"Mvivu huyu mama. Kila tukifika hapa analala."

Nikamuuliza plau ni ya nani. Ya baba mkubwa wake, akasema, ameazima asubuhi ile. Na mnyororo? Umekuja na plau. Basi nikaelewa. Baba mkubwa wake ana maksai warefu, wameshiba, wazoefu. Kijana ana madume mawili ambayo ndiyo kwanza yanafundishwa nira. Nikapima mtaro kwa shibiri yangu: ulikuwa unapita shibiri nzima kwenda chini. Nikamwambia afungue mnyororo, apunguze pete kadhaa, afunge tena. Tukampa yule aliyelala muda wa kupumua, akainuka mwenyewe. Wakaanza kutembea. Hawakukimbia, lakini walitembea, na fimbo ikabaki begani mwa kijana hadi nilipoondoka.

Hapa hakuna uganga. Mnyororo unaanzia chini, kwenye kichwa cha plau, kile chuma cha mbele chenye matundu, unapanda hadi kwenye nira shingoni mwa ng'ombe. Ukiwa mfupi unapanda kwa kusimama, kwa hiyo unaivuta pua ya plau kwenda juu na plau inalima juujuu. Ukiwa mrefu unalala, pua inabaki chini, plau inakula udongo. Sasa fikiria ng'ombe mrefu: nira yake iko juu. Uleule mnyororo ukihamishiwa kwa ng'ombe mfupi, nira inashuka, mnyororo unalala, plau inazama kuliko ilivyokuwa inazama kwa mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba walio wadogo na wanyonge ndio wanaobebeshwa kina kikubwa zaidi. Halafu tunawaita wavivu.

Ng'ombe wetu wa asili, hawa wafupi wenye nundu, dume likikomaa vizuri lina kilo 250, likijaliwa 300. Ng'ombe wa kazi anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mfululizo mzigo unaolingana na sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo. Wawili kwa pamoja, basi, wana nguvu ya kilo 50 au 60 za kuvuta, na hapo wawe wamekula. Plau ya kawaida inakata upana wa sentimita 20 hivi. Ukiipeleka chini sentimita 12 wanavuta kiasi fulani cha udongo. Ukiiacha iende 18, umewaongezea nusu nzima ya mzigo, na wewe huku nyuma hujahisi chochote.

Na mwendo je? Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Gawanya kwa upana wa mtaro wa sentimita 20, unapata zaidi ya kilometa 20. Huo ndio mwendo wa ng'ombe kwa ekari moja, bila kuhesabu kugeuza kwenye ncha za shamba, na wewe na mtoto wa mbele mmetembea naye hatua kwa hatua. Kwa hiyo pete mbili tatu za mnyororo si jambo dogo.

Utajuaje kama plau yako imekaa sawa? Angalia mikono ya anayeilima. Akiwa anainua vishikio muda wote ili plau ipate kuingia, mnyororo ni mfupi au umefungwa chini mno kichwani. Akiwa anavikandamiza ili isizame, mnyororo ni mrefu, au umefungwa tundu la juu mno. Angalia na gurudumu la mbele. Kazi yake ni kugusa ardhi na kuzunguka taratibu, likisaidia kina kisibadilike. Ukiona limedidimia na kuchora mfereji wake lenyewe, maana yake umelitwika kazi ya kuizuia plau ambayo mnyororo unaisukumia chini, na ng'ombe wanavuta mabishano hayo mawili kwa pamoja. Plau iliyopangwa vizuri unaweza kuiachia vishikio ikaenda hatua kadhaa peke yake, imenyooka. Baba alikuwa akifanya hivyo mbele yetu kila msimu unapoanza: anaachia, anatembea pembeni mikono nyuma, anaitazama. Ikiinama upande, anasimamisha ng'ombe na kuchukua spana. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa fimbo kabla ya hapo.

Kile kichwa cha plau kina kazi mbili, na wengi wanajua moja tu. Kupandisha na kushusha ni kwa ajili ya kina. Kusogeza kulia au kushoto ni kwa ajili ya upana wa mtaro. Plau inayokata pana kupita kiasi inaacha mgongo wa udongo ambao haukuguswa, umefunikwa tu na udongo uliogeuzwa. Kwa macho shamba linapendeza, jeusi lote. Baada ya wiki mbili nyasi zinachomoza kwa mistari, na hapo ndipo unajua ulilima nusu ya shamba.

Plau ya baba ilikuwa ya Ubungo Farm Implements, kile kiwanda cha Dar es Salaam, chuma kizito, na ncha za akiba zilipatikana dukani kwa chama cha ushirika. Siku hizi ncha za kununua ni nyembamba, zinaisha haraka, kwa hiyo mhunzi ni mtu wa kumheshimu. Ncha ikishakuwa butu plau inateleza juu ya udongo mgumu, na mwenye plau anafanya nini? Anarefusha mnyororo ili izame. Anatibu ugonjwa mwingine kwa dawa ya mwingine. Ipeleke kwa mhunzi aivute upya, kabla ya mvua, kabla foleni haijawa ndefu. Kwenye ufundi huu wa ncha nilisoma habari iliyonifurahisha sana: Robert Ransome, mfua vyuma wa Ipswich huko Uingereza, mwaka 1803 aligundua namna ya kumimina chuma cha plau ili upande wa chini upoe haraka na kuwa mgumu kuliko wa juu. Juu kunalika upesi, chini kunabaki, kwa hiyo ncha inajinoa yenyewe kadiri inavyolima. Zaidi ya miaka 200 imepita, na mtu akiniuzia ncha kama hiyo leo Ngudu namlipa bila kuomba apunguze.

Sasa niseme habari ya udongo, kwa sababu mpango mmoja wa plau haufai shamba zima. Wasukuma tuna majina ya udongo kufuata mteremko. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakutana na ibambasi, udongo unaoshikana chini kama sakafu na kutuamisha maji, ndiko yaliko majaluba mengi ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, mwaka 1935 aliupa mpangilio huo wa kufuata mteremko jina la katena, na hadi leo unafundishwa vyuoni duniani kote. Uliotazamwa ni udongo wa Afrika Mashariki, huu huu tunaoukanyaga.

Luseni inalimika mvua ya kwanza tu ikilowesha. Haihitaji kina, na inaomba kitu kimoja: lima kwa kukatiza mteremko, kamwe usilime kwa kushuka nao. Kila mtaro wa plau unaoshuka mlima umeshakuwa mfereji, na mvua kubwa ya Desemba itaupeleka mchanga wako bondeni kwa jirani. Mbuga ni habari nyingine. Ikiwa kavu, plau inaruka. Ikiwa mbichi sana, udongo unaganda kwenye bawa la plau, lile bamba linalogeuza udongo, na ng'ombe wanaburuta tope badala ya kulima. Katikati ya hali hizo mbili unapata siku chache tu. Shika donge, lifinye kwa vidole. Likimeguka, ingia shambani. Likinyooka kama unga wa ugali uliokandwa na kubaki na alama za vidole, nenda kalime luseni kwanza. Nimeona watu wakiingia mbuga mbichi kwa pupa, na yale mabonge yakakauka yakawa mawe, hayakuvunjika mpaka msimu ukaisha.

Kuna na hili la kuanzia wapi. Ukianza kulima katikati ya shamba na kuzunguka ukitupia udongo ndani, unaacha mgongo katikati. Ukianzia pembeni na kumalizia katikati, unaacha mtaro katikati. Badilisha kila mwaka. Shamba linalolimwa kwa namna moja tu miaka yote mwishowe linakuwa na tuta na bonde ambalo hukulipanga, na maji yanajua pa kupita kabla yako.

Lakini ugonjwa mkubwa wa mashamba yetu hauonekani juu. Plau ikipita kina kilekile mwaka hadi mwaka, chini yake kunajengeka tabaka gumu, limesuguliwa na chuma na kukanyagwa na kwato za yule ng'ombe anayetembea ndani ya mtaro. Maji hayashuki, mizizi haishuki. Kikija kile kiangazi kifupi cha Januari mahindi yanasokota majani mapema, na watu wanalaumu mbegu. Sisi wa pamba tuna kipimo cha bure. Sheria inatutaka kung'oa miti ya pamba na kuichoma ifikapo tarehe 15 Septemba, ili wadudu wasipate pa kukaa. Unapong'oa, usiitupe tu motoni. Tazama mzizi mkuu. Mzizi wa pamba unatakiwa kwenda chini moja kwa moja. Ukikuta umeshuka shibiri moja ukakunja kwenda pembeni, basi tabaka liko hapo hapo ulipokunjia, umeonyeshwa kina chake bila kuchimba shimo. Mwaka huu nimeipita mizizi ya shamba langu la chini yote kwa macho, na sehemu ya upande wa mkuyu mizizi imekunja. Naijua sasa.

Pa namna hiyo kugeuza udongo hakusaidii. Kuna chombo kinachoitwa ripa, na ile inayojulikana sana huku Afrika ni ya Magoye, jina la mahali kusini mwa Zambia. Unafungua mwili wa plau yako, unabakiza boriti na vishikio, unafunga pale jino moja jembamba refu. Halipindui udongo. Linapasua mstari tu pale utakapopanda, na kati ya mistari unaacha ardhi ilivyo, na mabua yake juu. Linafanya kazi vizuri udongo ukiwa mkavu, maana tabaka kavu linapasuka wakati tabaka bichi linakatwa tu na kujifunga tena. Na kwa kuwa hulimi shamba zima, ng'ombe wanatembea mwendo mfupi kuliko ule wa kilometa 20 kwa ekari.

Tatizo ni kwamba udongo ukiwa mkavu, ng'ombe nao wamekauka. Hilo ndilo fumbo la kulima kwa maksai: kazi nzito kuliko zote inakuja mwisho wa kiangazi, mbavu zao zinahesabika. Hata mnyororo ukae sawa namna gani, ng'ombe mwenye njaa havuti. Wazee wetu walilijua na jibu lao lilikuwa ngitili. Unatenga kipande cha malisho, mvua zikianza unakifunga, nyasi zinakua bila kuguswa, unakifungua kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI ulioanza mwaka 1986, ulizirudisha ngitili nyingi zilizokuwa zimekufa, na watu wengi wanazikumbuka kwa ajili ya miti na kuni. Mimi nazithamini kwa ajili ya plau. Ngitili yangu ni ndogo, na kuanzia mwezi wa tisa wanaoingia ni maksai wanne tu. Ng'ombe wa maziwa wananitazama kwa uchungu, lakini maksai wakianguka Novemba, hata wa maziwa hatutakuwa na cha kuwalisha.

Asiye na ng'ombe kabisa ana shida ambayo mnyororo hauitatui. Pamba huku inatakiwa ipandwe kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Mwenye plau analima kwake kwanza, kisha kwa ndugu, kisha anakodisha. Mjane wa mwisho kwenye foleni anapanda Januari, na mavuno yake yalishapungua kabla mbegu haijagusa udongo. Ninaowalimia mimi nimeamua kuwaingiza katikati: siku kwangu, siku kwao. Shamba langu linachelewa kidogo. Linachelewa kidogo tu.

Nimalizie kwa palizi, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na wanaume wa kijijini kwetu, kwa heshima lakini kwa nguvu. Plau imetupa ekari. Baba aliyekuwa akilima mbili kwa jembe la mkono sasa analima sita. Safi. Palizi ya ekari sita inafanywa na nani, kwa kutumia nini? Mama na mabinti, kwa jembe lilelile la mkono la ekari mbili. Chombo cha kupalilia cha kuvutwa na ng'ombe kipo, kina meno yanayokwangua katikati ya mistari, na maksai walewale wanaweza kukivuta. Hakitumiki kwa sababu mbili: watu hawapandi kwa mistari iliyonyooka, na hawana nira yake. Nira ya kulimia ni fupi, ng'ombe wanatembea karibu karibu. Ya kupalilia inabidi iwe ndefu, ili kila ng'ombe apite kwenye nafasi yake na mistari ya mimea ibaki salama kati yao. Mahindi yakipandwa mstari hadi mstari sentimita 75, shingo hadi shingo lazima kuwe na mita moja na nusu. Ukitumia nira ya plau, wanakukanyagia mahindi, kisha unasema chombo hakifai.

Nira yangu ndefu iko kwa fundi seremala, ameahidi kuimaliza kabla ya mvua. Mti nimemchagulia mwenyewe, mwepesi usiopasuka, na nimemchorea alama za shingo kwa mkaa. Yule kijana wa jirani amekuja juzi kuomba tuwafundishe maksai wake pamoja na wangu kutembea mbali mbali bila kusogeleana, maana walishazoea kubanana kwenye mtaro. Tumekubaliana tuanze Jumamosi, alfajiri, shambani kwangu upande wa mkuyu. Amekuja na mnyororo wake mwenyewe, ameununua Ngudu, na ameshaukata kwa kipimo cha ng'ombe wake.